Chungu cha Njia Panda

Kwaru, kwaru, kwaru.

Sauti ilitoka jikoni, ikapita juu ya ukuta usiofika paani, ikamkuta Kidawa macho wazi gizani. Hakuhitaji kuuliza. Kilikuwa kisu kikuukuu cha mamamkwe wake, Bi Somoe, kikiparua mzizi. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Bi Somoe hupenda kuparua mizizi yake kabla jogoo hawajaanza makelele, kwa sababu, husema, mti ukiwahiwa unakuwa haujapata habari kwamba umechimbwa.

Kidawa alipeleka kiganja taratibu mgongoni mwa mwanawe. Mastura alikuwa wa moto. Haukuwa ule moto wa mtoto aliyejifunika sana akalala. Ulikuwa moto wa bati la adhuhuri. Kifua chake kidogo kilipanda na kushuka harakaharaka.

"Mama yangu," Kidawa alinong'ona, "si ulikuwa umepona wewe?"

Ndivyo walivyodhani. Homa ilipoanza, Bi Somoe alitenga chungu palepale: majani ya mwarobaini, kivumbasi, na mizizi ya mkundekunde aliyoichimba mwenyewe nyuma ya mikorosho. Mastura alinyweshwa, akafukizwa chini ya kanga, akalia, akalala. Jana alasiri akatoka jasho mpaka nywele zikalowa, akaomba maji, akala papai. Nyumba nzima ikapumua. Kidawa nusura aseme asante, akajiuma ulimi, maana dawa ya mti haishukuriwi. Ukiishukuru inadhani kazi imekwisha, inaondoka.

Na hiyo ilikuwa moja tu kati ya sheria za chungu. Chungu kikishapanda mafigani hakiachwi katikati. Kinaongezwa maji na mizizi mpaka majani yamalize uchungu wao. Hakichanganywi na vidonge, kwa sababu dawa mbili zikikutana tumboni zitagombana, na atakayeumia ni mwenye tumbo. Aliyekitenga ndiye wa kukimwaga, si mwingine. Anakimwaga njia panda, aondoke asitazame nyuma, yeye na wote alioongozana nao. Atakayetazama nyuma, homa inamshika sura, inamfuata mpaka mlangoni kwake.

Kidawa alipoolewa hapa kijijini Tingi alizipokea sheria hizo kama alivyopokea vyombo vya jikoni. Zilikuwapo. Hakuwa na sababu ya kugombana nazo.

Sasa alikuwa nayo.

Akainua chandarua, akatoka na mtoto begani mpaka jikoni. Bi Somoe alikuwa ameketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, miguu ameinyoosha, kibatari pembeni, maganda ya mzizi yamejaa kwenye kanga yake. Chungu kilikuwa kimeanza kutoa mvuke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Najua. Imerudi."

"Imerudi kwa nguvu."

"Nimemsikia anavyopumua, ndiyo maana sikulala tena. Usiogope. Homa ikirudi hivi, imerudi kuchukua mzigo wake iende zake."

Kidawa alikaa kwenye kinu kilicholazwa. Akatafuta mlango wa kuingilia.

"Mama, leo twende zahanati akapimwe."

"Akapimwe nini? Homa si hii naiona."

"Kuna homa na homa. Labda ni malaria. Malaria ya watoto inaweza kutulia ukadhani imeondoka, kumbe..."

"Aa! Kumekucha, daktari wa darasa la jioni kafika." Bi Somoe alicheka kidogo, lakini kisu hakikusimama. "Walikufundisha lini hiyo, ile jioni iliyonyesha mvua mkarudi mbio, au ile iliyozimika taa?"

Kidawa naye akacheka, hakuweza kujizuia. Darasa hilo walisomea kwenye shule ya msingi, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga meza, Mwalimu Apolonia mbele na sauti yake ya kanisani. Na kila jioni Kidawa alipokwenda, aliyebaki na Mastura alikuwa Bi Somoe huyuhuyu. Wengine pale kijijini walisema mke wa mtu anatafuta nini shuleni na mtoto ameshazaa. Bi Somoe aliwajibu kwamba anatafuta miwani yake aliyoisahau darasa la saba. Ni yeye aliyemwambia nenda. Ndiyo maana maneno yalikuwa mazito kutoka mdomoni. Angetumia vipi elimu aliyoipata kwa mgongo wa mama huyu kumwambia mama huyu hajui?

"Chungu bado hakijachoka," Bi Somoe alisema, sasa bila mzaha. "Kina siku zake. Nikikiacha katikati, wewe ndiye utakayenilaumu. Nimemlea Shamte kwa chungu. Dada zake nimewalea kwa chungu. Vidonge juu ya chungu, hapana, Kidawa. Hiyo siwezi kuiangalia kwa macho yangu."

Kidawa akarudi chumbani, akampigia Shamte. Mumewe alikuwa Nangurukuru, anaziba pancha pale mabasi yanaposimama. Hulala hukohuko kazi ikiwa nyingi. Alipokea huku nyuma yake honi inalia na mtu anauza mayai ya kuchemsha.

"Imerudi?" Shamte aliuliza. "Si ulisema jana amekula papai?"

"Jana alikula. Leo hata macho hafungui vizuri."

"Mama anasemaje?"

"Anasema chungu hakijachoka."

Shamte alivuta pumzi. "Kidawa, mimi nikuambie nini? Mama ndiye aliyenilea. Na wewe ndiye mama yake Mastura. Nyie mko hapo mnamwona mtoto, mimi huku naona matairi. Zungumzeni. Nikimaliza hili lori nakuja."

"Uje."

"Nakuja, mke wangu. Usilie."

"Silii," alisema, na machozi yanashuka.

Kulipopambazuka, walimtandikia Mastura mkeka kibarazani apate hewa. Mikono yake ilikuwa imelegea pembeni kama ya mwanasesere wa vitambaa. Kidawa alimgeuza kiganja akakitazama. Kilikuwa cheupe, cheupe mno. Akajaribu uji, uji ukarudi kwenye pembe ya mdomo.

Bi Somoe akatoka na kikombe cha bati, mvuke unapaa. Akachuchumaa, akaanza mchezo wao wa kila asubuhi. Yeye na Mastura walikuwa wake wenza. Marehemu Mzee Likwata, babu, alimwita Mastura "mke wangu" tangu siku aliyozaliwa, na Bi Somoe hakuwahi kumsamehe mtoto huyo. Kila asubuhi humkuta anatafuna muhogo, humuuliza kwa ukali amebakiziwa wapi, na mtoto hukumbatia sahani na kupiga kelele kwamba habakiziwi mtu.

"We mke mwenza!" Bi Somoe alisema, kwa sauti ile ile ya ugomvi. "Umenibakizia?"

Mastura hakujibu.

"Nakuuliza wewe. Umekula peke yako tena? Umenibakizia?"

Kope za mtoto zilitikisika kidogo. Basi.

Bi Somoe akabaki amechuchumaa, kikombe mkononi. Aliita mara nyingine, lakini sasa sauti haikuwa ya ugomvi tena. Ilikuwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kuna watu. "Mastura? Mama? Mjukuu wangu, nitukane basi."

Kwa mbali mtu alikuwa anatwanga.

Kidawa alimtazama mamamkwe wake, akaona kikombe kimeinama mpaka dawa inamwagikia vidole vyake, na ilikuwa ya moto, na mama mwenyewe hahisi. Yote aliyoyaandika kwa mwandiko mzuri darasani, mbu jike, vijidudu kwenye damu, viganja vyeupe, yalimjia mdomoni kwa pamoja. Akayameza. Akapiga magoti, akakichukua kile kikombe taratibu, akakiweka chini, akamfuta mama vidole kwa upindo wa kanga yake.

"Mama," alisema, "chungu ni chako. Mimi siwezi kukigusa, na sitaki kukigusa. Kama unasema kinabaki, kitabaki. Lakini mimi naogopa. Naogopa sana, mama. Nisaidie."

Bi Somoe alimtazama tena mtoto. Akanyanyuka kwa kushika goti, akaingia jikoni. Kidawa akasikia maji yanamwagwa motoni, kuni zikilia tsss. Kisha mama akatoka na chungu chenyewe, amekishika kwa vitambaa viwili, majani yanaelea juu yake.

"Mbebe mtoto," alisema. "Njia panda iko njiani kwenda zahanati. Nitakimwaga."

"Hakijachoka, mama."

"Nitakiambia kimechoka. Mimi ndiye niliyekitenga, kitanisikia. Mbebe, usinitazame hivyo, nitabadili mawazo!"

Walitoka. Mastura mgongoni mwa mama yake kwa mbeleko, kichwa kimelala kwenye bega la kushoto. Bibi mbele na chungu, akitembea upesi kuliko Kidawa alivyowahi kumwona akitembea. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na harufu yake nzito ya asubuhi iliwafuata njia nzima. Watu waliowasalimia walijibiwa kwa mkono. Kwenye nyumba ya mwisho, njia ya mashambani inapokutana na barabara ya zahanati, kuku walikuwa wanachakura vumbi.

Bi Somoe akasimama. Akamwonyesha Kidawa kwa kidevu amfunike mtoto kichwa. Kidawa akaivuta kanga. Ndipo mama akainama na kukigeuza chungu. Maji ya kahawia yakatoka kwa sauti ya koo linalomeza, kisha majani, kisha mizizi aliyoiparua alfajiri ile, mipya kabisa, bado myeupe. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Kidawa alisikia mwisho wake tu: "...umefanya uliloweza, baki hapa."

"Twende," Bi Somoe akasema. "Macho mbele. Hata wakikuita kwa jina."

Wakaenda. Shingo ya Kidawa ilimwasha kama imemwagiwa upupu. Hakuwahi kutamani kugeuka maishani mwake kama siku ile. Hakugeuka. Akaona afadhali aadhibiwe kwa ujinga wa kutii kuliko kwa ujuaji. Mgongoni akahisi kanga inalegea, kichwa cha Mastura kinajisogeza, kikahamia bega la pili, kikatulia. Akafurahi. Walau anajisogeza.

Zahanati kulikuwa na foleni, lakini wanawake walipomwona mtoto walijisogeza wenyewe. Mganga wa zamu alikuwa kijana mrefu aitwaye Ignatius, wa kutoka huko Ndanda, ambaye wote walimwita daktari naye alishachoka kukataa. Alimtazama Mastura macho, akambonyeza kiganja, akamtoboa kidole. Tone la damu likaingia kwenye kile kipimo kidogo, wakasubiri. Kidawa hakutoa macho pale. Mstari wa kwanza ukatokea. Kisha, polepole, kama mtu anayeona haya kuingia, wa pili.

"Malaria," Ignatius alisema. "Na damu imeanza kupungua. Mmekuja leo, mmefanya vizuri. Mngengoja, nisingewatibia hapa, ningewatafutia gari la hospitali kubwa." Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Kuna dawa yoyote amekunywa nyumbani?"

Kidawa aliangalia sakafu. Kama angejibu yeye, angekuwa amemshtaki mama mbele ya watu. Na asipojibu, je?

"Amekunywa," Bi Somoe akasema. "Mwarobaini, kivumbasi, na mzizi wa mkundekunde. Nimempa mimi. Nusu kikombe jana asubuhi, nusu jioni. Leo hajanywa."

"Ahsante sana, mama, kwa kusema." Ignatius sasa aliinua macho. "Wengi wananificha. Mimi pia mama yangu alininywesha mwarobaini mpaka nikawa naota uchungu. Mkundekunde tu, mama, kwa mtoto mdogo hivi, nakuomba uache. Mimi nauogopa."

"Unauogopa wewe daktari?"

"Sana."

Bi Somoe akatafakari. "Basi nitauogopa na mimi," alisema. "Lakini vidonge vyako vitagombana na maji yangu tumboni humo?"

"Nitamweka hapa nimwangalie mpaka jioni. Vikigombana mimi niko."

Jibu hilo lilimridhisha kuliko alivyotarajia mtu yeyote.

Dawa mseto, hata hivyo, haikuingia. Nesi alikiponda kidonge, akakikoroga, akajaribu, Mastura akatema. Wakasubiri, wakajaribu tena. Kidawa akabembeleza, akaimba, akalia. Ikatoka yote ikachafua kanga. "Ikishindikana kabisa itabidi sindano, na atakwenda hospitali," nesi alisema kwa upole.

"Nipe mimi hicho kijiko," Bi Somoe alisema.

Akamkalisha Mastura mapajani, kichwa kwenye kiwiko chake. Hakumbembeleza. Akakoroga ile dawa kwenye maziwa aliyoyaomba kwa mama mmoja wa foleni, akaigusa kwa ncha ya ulimi, na uso wake wote ukakunjamana.

"Yarabi! Dawa ya hospitali nayo ni chungu hivi? Kumbe mlikuwa mnanisema bure." Kisha akamwinamia mtoto sikioni, kwa ukali. "Mke mwenza. Hiki chakula changu. Nakula mwenyewe. Sikubakizii."

Mdomo wa Mastura ukafunguka kidogo. Labda ni kiu, labda ni hasira. Bibi akateremsha kijiko pembeni mwa shavu, mahali anapopajua yeye, akampuliza usoni mara moja, na mtoto akameza. Akameza tena. Nesi akaacha alichokuwa anafanya akasogea kuangalia. Wakasubiri itoke. Haikutoka.

Kidawa akakaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la mamamkwe wake. Mkono wenye harufu ya moshi na mizizi ukashuka ukamlaza nywele.

"Na wewe ule kitu," Bi Somoe alisema. "Huna rangi."

Walirudi nyumbani jua linatua, kwa pikipiki, kwa sababu Shamte alifika na grisi mpaka kwenye visigino. Vidonge vilivyobaki Bi Somoe alivifunga kwenye pindo la kanga yake, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Alivigawa kwa adhana, alfajiri na magharibi, akisema Bismillahi kila anapoponda. Hata Mastura alipoanza kucheza na kukimbia na Kidawa akasema labda vinatosha, mama alimkata kauli: "Hapana! Dawa haiachwi katikati. Hukufundishwa darasani?"

Alikuwa amefundishwa. Akajifunika uso kwa kanga asionekane anavyocheka.

Asubuhi moja mwisho wa juma hilo walikuwa kibarazani wote. Muhogo wa kuchemsha ulikuwa unatoa moshi kwenye sinia. Kidawa alikuwa anakagua kanga yake ya kwendea darasani jioni ile. Bi Somoe ndiye aliyeitoa sandukuni, akaitupa kitandani kwake bila neno. Juu ya paa la jiko kivumbasi kilikuwa kimeanikwa, kwa ajili ya kufukuzia mbu tu, mama alisisitiza bila kuulizwa.

"We mke mwenza! Umenibakizia?"

"Sikubakizii!" Mastura alipiga kelele, amekumbatia sahani, makombo mpaka puani. "Ng'o!"

Bi Somoe alipiga makofi, akatazama pembeni, akajifuta jicho akisingizia moshi.

"Sasa mama," Shamte alichokoza, "tuseme ukweli leo. Nani kamponya? Wewe au Ignatius?"

"Vidonge vimemponya, sikatai. Mimi si mbishi." Mama akajiweka sawa kwenye mkeka. "Lakini vidonge vilipata njia nyeupe. Na vilipata kwa nini? Kwa sababu homa ilibaki njia panda. Na ilibaki kwa nini? Kwa sababu tulikwenda kwa heshima, na hakuna aliyegeuka nyuma. Mkeo ni shahidi. Hata mmoja hakugeuka."

"Hata mmoja," Kidawa aliitikia, na alimaanisha.

Mastura alimaliza kutafuna, akameza, akamtazama bibi yake.

"Bibi, mimi niligeuka, nikaona kuku wanakunywa dawa yako."